Maswali Yenu: Nani Anamsubiri Nani?

SWALI: Wahariri, salamu. Kamati yetu hapa Marangu imenikabidhi usimamizi wa ujenzi wa madarasa mawili. Tulipojenga ofisi ya walimu, masika yalitukuta hatujaezeka. Watu wanajituma, lakini leo fundi anakaa bure akisubiri nondo, kesho nondo zimefika na fundi hayupo. Kijana mmoja ananishauri ninunue programu ya kompyuta ya kupangia kazi. Ninunue?
*Mama Katibu, Marangu*

JIBU: Usinunue kwanza, Mama. Programu huchora vizuri kile unachokijua, usichokijua haikutafutii. Chukua karatasi ya manila, mkae na fundi mkuu, na kwa kila kazi mwulize jambo moja: hii inasubiri nini?

Tuseme amekupa siku hizi: kuchimba msingi 4, zege la chini 1 na kuliacha lishike 3, kupandisha msingi 6, kujaza moramu na kushindilia 4, jamvi (sakafu ya zege) 2 na kulipumzisha 3, kozi (mistari ya matofali) hadi linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) 9, kufunga mbao na nondo za linta 4, kumwaga 1, kuimwagilia maji 7, kozi za juu 3, kenchi (fremu za paa) 7, bati 3. Jumla ni siku 57, na hakuna hata moja inayoweza kuruka foleni. Huo ndio mnyororo wako. Mbinu hii ya kuutafuta ilianza kutumiwa na wahandisi wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1957, na walikuwa na mitambo ya kemikali, si madarasa mawili.

Sasa hesabu kwa kurudi nyuma. Ukitaka bati liwe juu ifikapo katikati ya Machi, ongeza siku 12 za dharura, kisha wiki mbili za Krismasi. Hizo za Krismasi usizibishie: Desemba ndiyo Wachaga wanarudi nyumbani, na fundi naye ana kwao. Kwa siku sita za kazi kila wiki, utajikuta lazima jembe liingie ardhini kabla ya tarehe 10 Desemba. Bila shaka ofisi ya walimu ilianza Januari.

Faida kubwa ya mnyororo ni kujua nani wa kumfuata na nani wa kumwacha. Fundi wa kuchomelea madirisha akihitaji wiki tatu, mpe oda siku mnapoanza kuchimba. Ana nafasi tele, usimpigie simu kila asubuhi. Lakini nondo za linta zikichelewa siku moja, jengo zima limechelewa siku moja. Kwa hiyo nondo ziwe zimefika saiti kozi zikiwa nusu. Wasimamizi wengi hukosea hapa: wanamfuata anayepiga kelele, au aliye karibu, wakati kilichokwama kiko kwingine kabisa.

Saruji msiinunue yote kwa mkupuo hata mkipata punguzo. Mfuko ukikaa miezi kwenye unyevu wa mlimani unashika mabonge na nguvu inapungua. Nunueni ya wiki mbili au tatu, ipangwe juu ya mbao, isiguse ukuta. Kila jioni daftari liandikwe: mafundi wangapi, mifuko mingapi imeingia na mingapi imetumika, nini kimekwisha. Daftari hilo linasema mengi. Linta ya mita 50, upana sentimita 15 na kimo 20, ni mita 1.5 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) inakula mifuko kama 10, 11 ukihesabu cha kumwagika. Ukiona 16, uliza siku hiyo hiyo, kwa upole, mbele ya mtu wa pili.

Na neno "imekaribia kuisha" lisiandikwe. Kazi imekwisha au haijaisha. Kazi iliyokaribia kuisha inaweza kukaribia kwa mwezi mzima.

SWALI: Ninaratibu mradi katika shirika dogo hapa Arusha. Bosi anaongeza kazi kila wiki, ila tarehe na bajeti vinabaki vile vile. Nikatae vipi bila kuonekana mkaidi?
*Msomaji, Sakina*

JIBU: Usikatae. Mpelekee karatasi moja yenye mistari minne: ombi lake, siku litakazokula, fedha litakazokula, na kazi ipi isogezwe nyuma ili ombi hilo lipate nafasi. Mwombe achague, aweke sahihi. Mabosi wengi hawajui kwamba wameongeza, kwa sababu kila ombi walilitoa kwa mdomo, tena koridoni. Karatasi ya tatu ikifika mezani kwake, maombi hupungua yenyewe.

SWALI: Nina miaka 24, nipo Moshi. Nitafute cheti cha PMP ili nipate kazi ya kusimamia miradi?
*Kijana, Majengo*

JIBU: PMP si ya kuanzia: inadai saa 35 za mafunzo na miaka kadhaa ya kuongoza miradi. Taasisi inayoitoa, PMI ya Marekani, ina cheti kingine, CAPM, kisichodai uzoefu. Kama Kiingereza chako kiko vizuri, anza na hicho.

Wakati huo huo jitolee uweka hazina wa kamati ya harusi. Hatutanii. Tarehe haisogei, bajeti ya ukumbi na chakula inajulikana, na nusu ya fedha ni ahadi. Fungua safu mbili kwenye daftari, ahadi na taslimu, na umlipe mwenye ukumbi kwa kutazama safu ya pili tu.