Maswali yenu: Fantasi inatibu au inaumiza?

Toleo lililopita niligusia kwamba fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ule mchezo wa kwenye simu wa kujifanya kocha, inaweza kumsaidia mtu mgonjwa, mpweke au aliyechoka akili. Barua zimemiminika. Kuna walionishukuru, na kuna walioniuliza kama nami nimeanza kuumwa. Leo nazijibu baadhi, na nimezifupisha.

Binti yangu, mimi ni mstaafu wa reli, nipo Tanga. Kijana wangu anayeishi Leicester ameniingiza kwenye ligi yao ya fantasi bila kuniuliza. Nina miaka 68. Haya si mambo ya watoto?

Shikamoo mzee. Mchezo huu ulianza msimu wa 2002/03, kwa hiyo wengi walioanza nao wakiwa vijana leo wanalipa ada za watoto wao. Wachezaji ni zaidi ya milioni 11 duniani, na kuingia ni bure. Kazi yenyewe ni hii: unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, yaani makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Klabu moja haikutolei zaidi ya watatu. Kila wiki unapanga kumi na moja na kumteua nahodha, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili. Wanachofanya uwanjani kweli ndicho kinachokupa pointi, na ligi ni jedwali la kulinganisha pointi zenu mnaofahamiana.

Ila nadhani kijana wako hakukuingiza kwa ajili ya mpira. Simu ya baba na mwana walio mbali inafahamika: shikamoo, marahaba, hali ya hewa vipi, mama mzima, haya kwaheri. Dakika mbili imekwisha, na kila mmoja anabaki na mengi moyoni asiyojua ayaanzie wapi. Sasa akikupigia na kusema, "Baba, umemwachaje Salah benchi?", hapo mtabishana nusu saa, na katikati ya ubishi utasikia habari za kazi yake na za wajukuu. Kama simu inakusumbua, mtajie majina kila Ijumaa, abonyeze yeye. Nahodha chagua mwenyewe.

Shangazi shikamoo. Mimi ni bodaboda wa Morogoro, nimevunjika mguu, nitakaa ndani miezi. Nasinzia mchana, usiku sipati usingizi. Wenzangu wa kijiweni wananiambia nicheze fantasi. Itanisaidia nini?

Marahaba, na pole sana. Itakurudishia juma. Mtu asiyetoka kwenda kazini siku zote kwake hufanana, Jumanne haina tofauti na Jumapili, na hapo ndipo mawazo hupata nafasi ya kukaa. Fantasi ina siku zake. Alhamisi na Ijumaa makocha wa Uingereza huongea na waandishi na kutaja nani majeruhi. Kisha inakuja dedlaini, yaani mwisho wa kupanga kikosi, dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mwisho wa wiki mpira, Jumatatu hesabu. Una kitu cha kusubiri na kitu cha kuamua.

Usijifanye profesa. Chukua wenye namba ya kudumu, maana anayecheza dakika 60 na zaidi anakupa pointi 2 hata asipofanya la maana, na anayeingia kumalizia mechi anakupa 1. Kila wiki unaruhusiwa kubadilisha mchezaji mmoja bure, na usipoitumia nafasi hiyo unaweza kuiweka akiba hadi zifike tano. Ukizidisha, kila badiliko la ziada linakukata pointi 4.

Jambo moja zaidi. Ukicheza peke yako, umelala na simu usoni, faida ni ndogo. Waambie hao wa kijiweni waunde ligi yao, na Jumamosi mmoja aje akubebe hadi kibanda umiza. Mazoezi ya mguu aliyokupa daktari yafanye kwanza.

Nina sonona na natumia dawa. Tangu nianze fantasi najisikia vizuri. Naweza kuziacha dawa?

Hapana. Ongea na daktari wako kabla ya kupunguza hata kidonge kimoja.

Shangazi, mume wangu timu yake ikifanya vibaya hata watoto hawamsogelei. Ninyi mnaita tiba, mimi naita balaa.

Una hoja, na si wewe peke yako. Watafiti wa Nottingham Trent University, Uingereza, waliwahoji wachezaji wa fantasi karibu 2,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Kadiri mtu alivyozama zaidi kwenye mchezo ndivyo alivyoelekea kuripoti hali mbaya zaidi ya akili. Utafiti wa namna hiyo hausemi kipi kilianza, mchezo au huzuni. Lakini unatosha kunifanya niseme kwamba fantasi ina kipimo, na mumeo amezidisha.

Usimkataze. Mwombe mambo mawili. Kwanza, abaki na ligi moja ya watu anaowafahamu kwa sura, atoke kwenye hizo nyingine zote. Pili, dedlaini ikipita simu iende kabatini. Baada ya hapo hawezi kumtoa wala kumwingiza mtu yeyote kwa wiki hiyo, mchezaji asipocheza kabisa mfumo wenyewe unamwingiza wa benchi, na kuchungulia pointi kila dakika tano hakuziongezi. Atazame mpira kama zamani, na watoto pembeni.

Au ingia kwenye ligi yake. Nimeona ndoa iliyotulia baada ya mke kumaliza juu ya mume kwa pointi nyingi tu. Lakini kama hasira zake zinafika mikononi, hilo si suala la mpira. Waambie wazee wa familia, na ikibidi polisi.

Niko Nakuru. Niliacha kubeti mwaka jana baada ya kuuza pikipiki na kula karo ya mtoto. Marafiki wanasema fantasi ni salama kwa sababu haina pesa. Nianze?

Hongera kwa kuacha, ndugu yangu. Kwako nitaenda polepole, kwa sababu marafiki zako wamesema nusu.

Ni kweli haina pesa. Na mkeka wa kubeti unachanika usiku uleule, ilhali fantasi inakwenda wiki 38, kwa hiyo hakuna ule mshindo wa papo kwa papo. Lakini mechi ni zilezile, na dakika ya 90 moyo unadunda vilevile. Ukitafuta habari za majeruhi, tangazo la kubeti linakusubiri kwenye ukurasa huohuo. Yako makundi ya fantasi ambayo ukikaa wiki mbili tu utakuta mtu anauza "odi za uhakika". Mlevi aliyeacha pombe hana sababu ya kuhamia chumba kilicho juu ya baa, hata kama kodi ni rahisi.

Mimi ningesema msimu huu pita. Tafuta kitu kingine cha Jumamosi, hata kucheza mpira wenyewe na wenzako. Ukiamua kuanza, anza na mtu anayejua kisa chako chote, na muwe kwenye ligi ambayo hakuna anayechanga hata shilingi. Dalili ya hatari nakutajia: wiki mbaya ikipita, ukajikuta unabadilisha wachezaji wanne kwa mpigo, unakatwa pointi 12, ili "urudishe" ulichopoteza. Hiyo ndiyo homa ileile ya mkeka imebadilisha shati. Ukiiona, funga timu. Na ukizidiwa, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba 1199, kupiga ni bure, unaongea na mshauri.

Ofisini tunachanga shilingi 10,000 kila mtu, bingwa anazoa zote. Ni kamari?

Kwa upande wa dini muulize sheikh au mchungaji wako. Kwa upande wa utulivu wa akili, zitoeni hizo pesa. Anayeshika mkia mwezi mzima alete mandazi na chai ya ofisi nzima. Nyote mtacheka, na hakuna atakayemnunia mhasibu.

Asalaam aleikum. Nasimamia soba hausi, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, hapa Unguja. Vijana wetu wanapenda mpira sana, ila simu haziruhusiwi. Naweza kuitumia fantasi kwenye ratiba yao?

Waaleikum salaam. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Simu isiwe kikwazo. Nyumba nzima iwe na timu moja, simu ikae kwako, kikosi kichorwe kwenye karatasi kubwa ukutani. Alhamisi baada ya chai ya jioni kaeni nusu saa. Kila mmoja alete jina moja na sababu moja, mpige kura. Kocha wa wiki awe kwa zamu, na neno la mwisho la nahodha liwe lake, hata kama wengine wote wanapinga.

Wewe unajua kuliko mimi kwamba dawa za kulevya zinamzoesha mtu kupata kitu sasa hivi. Hapa anaamua Alhamisi, na jibu linakuja Jumapili au Jumatatu, halihimizwi. Tena anajifunza jambo gumu zaidi: uamuzi mzuri unaweza kuzaa matokeo mabaya. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah, akiwa Liverpool, alifunga mabao 29, akatoa pasi 18 za mabao na kuvunja rekodi ya mchezo huu kwa pointi 344. Hata hivyo zipo wiki alizocheza akaambulia pointi 2. Kocha wa wiki aliyempa unahodha siku hiyo hakukosea, na wenzake waseme hivyo mbele yake. Kwa kijana aliyezoea kuambiwa kila kibaya ni kosa lake, hilo si dogo.

Wasiopenda mpira wape kujumlisha pointi na kuandika ubaoni. Aliyeingia juzi, bado anatetemeka na halali, mwache apumzike, ligi itamsubiri. Neno kubeti lisitajwe kwa utani.

Na la mwisho, ambalo naona lina faida kuliko yote. Kijana akimaliza muda wake, mpe msimbo wa ligi ya nyumba, afungue timu yake huko aendako, Pemba au Dar. Ninyi mtaendelea kuliona jina lake kwenye jedwali, na dedlaini ikipita mnaona kikosi chake na aliowabadilisha. Timu ikikaa wiki tatu haijaguswa, huenda amechoka tu na mchezo. Lakini mpigieni.

Shangazi, nipo Muscat. Dedlaini inanipita kila mara, leo saa hii, kesho saa nyingine. Kwa nini?

Kwa sababu Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, nasi hatusogezi. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa sita na nusu mchana kwao, dedlaini yako ni saa nane mchana wakati wa kiangazi chao, na saa tisa wakati wa baridi. Walio Dar na Nairobi watoe saa moja. Ikianza Ijumaa saa mbili usiku kwao, kwako ni saa tatu na nusu usiku, au saa nne na nusu wakati wa baridi. Ijumaa huko si siku ya kazi, kwa hiyo panga kikosi mchana baada ya kula, kabla hujalala.