Kirusi cha herpesi kikilala kinaendelea kuzaliana?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Kirumba, kila nikiumwa malaria natokwa malengelenge mdomoni. Muuza dawa hapa mwaloni kaniambia virusi vinazaliana kwenye damu muda wote hata nisipoumwa, ninywe chupa tatu za kusafisha damu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na hiyo habari ya kusafisha damu nimeichoka jamani, kila wiki naisikia. Hicho kirusi cha herpesi cha mdomoni kikishalala hakipo kwenye damu, kiko ndani ya seli za neva, kwenye fundo la neva lililo ndani ya fuvu, DNA yake imejifunga duara imetulia, na kwa vile seli za neva hazigawanyiki nacho hakijinakili, kinangoja tu. Ukipata homa au jua kali ndo kinaamka, kinashuka na neva mpaka mdomoni, hapo sasa kinazaliana kwa vimeng'enya (protini za kufanyia kazi) vyake chenyewe. Asaikloviri, dawa ya herpesi, inafanya kazi hapo hapo, maana inawashwa na kimeng'enya cha kirusi, kikiwa kimelala kimeng'enya hicho hakitengenezwi kwa hiyo hata dawa ya kweli haikigusi. Sembuse chupa ya mizizi? Malengelenge yakikauka yenyewe wiki ya pili sifa anachukua muuzaji.

Ndugu yake Epstein-Barr, kirusi kingine cha jamii ya herpesi, ana tabia nyingine. Yeye analala kwenye seli nyeupe za damu aina ya B, ambazo zinagawanyika, kwa hiyo protini yake EBNA1 inaibana duara ya DNA yake kwenye kromosomu (nyuzi za DNA za seli), seli ikinakili DNA yake na ya kirusi inanakiliwa humo humo, mara moja tu, kwa vimeng'enya vya seli yenyewe, yaani kinapanda lifti bure.

Na huyu ndo ananinyima usingizi huku kanda ya ziwa, kwa sababu akikutana na malaria ya mara kwa mara kwa watoto ndo tunapata saratani ya Burkitt. Taya linavimba upande mmoja, meno ya mtoto yanalegea, mzazi anaambiwa ni jino au karogwa, anachanjwa chale anapewa na hizo hizo chupa, huku uvimbe unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili! Ukiwahi, dawa za saratani zinawaponyesha wengi. Mtoto wa hivyo mpeleke hospitali ya Bugando leo, sio baada ya kumaliza dozi ya mtu wa mwaloni.