Kabla hujapanda yuka mlangoni, bonyeza ncha ya jani

Mvua za kwanza za Desemba zilipoanza kugonga bati, mashimo sita yalikuwa tayari kando ya njia ya kuingilia nyumbani kwetu Kisasa. Miche niliinunua kwenye kitalu kimoja hapa Dodoma, na muuzaji akanihakikishia kwamba zote ni yuka, ile mimea ya mapambo yenye majani marefu kama panga, za aina moja. Zilifanana kweli, kila moja imenifika magotini. Baada ya misimu miwili, nne zilikuwa zimeinamisha majani na mbili zimesimama kama mikuki. Sikulitilia maanani mpaka siku mpwa wangu wa miaka mitano alipokimbilia mpira. "Mjomba, limenichoma!" Damu ilikuwa chini ya jicho, upana wa kidole tu kutoka kwenye kope. Daktari alisema jicho ni zima. Usiku ule sikupata usingizi.

Ndiyo maana nakuomba, kabla hujalipa, shika jani.

Anza na ncha. Iguse taratibu kwa kidole gumba. Ncha ya Yucca gigantea, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitaka hata kama hatujui jina lake, inalegea na kupinda. Ya Yucca aloifolia ni ngumu na kali kama sindano ya kushonea magunia. Kingo za jani zisikudanganye: zote mbili zina meno madogo madogo yanayokwaruza kama msumeno, na mimi hapo ndipo nilipopotea mwanzoni. Ukiona nyuzi nyeupe zilizojikunja kandokando ya jani, kama uzi uliochomoka kwenye pindo la kitenge, hiyo ni Yucca filamentosa, nayo haioti shina refu.

Tazama na jinsi majani yanavyokaa. Gigantea majani yake ni mapana na marefu, yakikomaa hujikunja kuelekea chini. Aloifolia yake ni mafupi zaidi na hukakamaa. Mti ukizeeka, shina la gigantea huvimba chini. Jina lake jingine, elephantipes, maana yake ni mguu wa tembo. Unaweza kufika mita 9, kwa hiyo usiubane ukutani.

Jirani yangu aliiita yote mikonge, na simlaumu, maana ukoo ni mmoja na asili yao wote ni Amerika. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 ukitokea Florida. Lakini jani la mkonge ni nene, lina nyama na maji. Tena mkonge hutoa mlingoti mmoja wa maua, kisha hufa. Yuka hutoa maua meupe yanayoning'inia kama kengele, na mti huendelea kuishi. (Ukitafuta mtandaoni, angalia herufi: "yuca" yenye c moja ni muhogo kwa Kihispania.)

Jambo ambalo lingeniokoa ni kuomba kuuona mti mama. Kule kwao yuka huchavushwa na wadudu maalumu, aina ya nondo, ambao huku hatunao, kwa hiyo ni nadra kupata mbegu, na miche mingi ya vitaluni ni vipande vya shina au vichipukizi. Kipande hurithi kila kitu cha mama yake. Muuzaji akikuonyesha mti mkubwa, umeuona mche wako utakavyokuwa. Asipokuwa nao, tegemea kidole gumba chako.

Zile mbili sikuzitupa, kwa sababu zinavumilia kiangazi chetu bila kunidai maji. Nilivaa glovu nene, nikazihamishia kona ya nyuma ya uzio ambako mbuzi wa mtaani walikuwa wakipenya, na kila majani mapya yakikomaa nazikata ncha kwa mkasi.