Kabla hujajitengenezea fimbo ya kuvulia, jifunze kwanza kurusha

Mi nilianza kinyume. Nilipenda kutengeneza vitu kwa mikono kabla hata sijapenda kuvua, kwa hiyo fimbo yangu ya kwanza ya kuvulia kwa nzi wa bandia nilijitengenezea wakati kurusha mshipi kwenyewe sijui. Nikaenda nayo mtoni, mshipi ukanirudia miguuni kama tambi zilizomwagika, na sikujua kosa ni la fimbo au la mkono, basi msimu mzima nikailaumu fimbo maskini ya Mungu.

Kwa wale ambao hamjawahi kujaribu, kwenye uvuvi wa kawaida una risasi na chambo, uzito ule ndio unaouvuta mshipi uende mbali. Huku nzi ni manyoya na nyuzi tu zimefungwa kwenye ndoana, hana uzito wa maana, ukimrusha kama jiwe haendi popote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ndo maana ni mnene na una namba kufuata uzito wake, na fimbo nayo inapewa namba ya mshipi wake (namba 5 kwa mfano, futi 30 za mwanzo zina kama gramu 9 hivi). Fimbo inapindwa na uzito huo, halafu ikijinyoosha inausukuma mshipi mbele.

Sasa kosa letu karibu sote ni papara. Umeurusha mshipi nyuma, hujaupa nafasi ya kunyooka huko nyuma, ushavuta mbele, unasikia paa! kama mjeledi na nzi kashakatika. Geuza shingo uangalie, hakuna atakayekucheka, na akicheka mwache. Mi nilijifunzia uwanjani kwenye nyasi kwa fimbo ya kuazima, badala ya ndoana nimefunga kipande cha uzi wa sufu, dakika ishirini kila jioni, na hapo ndo nikaanza kuelewa fimbo inafanya nini mkononi.

Ukishafika hapo, tengeneza. Chukua kitu cha kawaida, futi 9 namba 5 ya vipande vinne, usianze na mwanzi wa kuchana vipande sita na kuunganisha, hiyo kazi ya watu wenye subira ya kobe. Nunua ufito mtupu wa kaboni, mpini, kishikio cha rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), pete za kupitishia mshipi, uzi wa kuzifungia na epoksi, gundi ya kupaka juu ya uzi ikauke ngumu. Pete hesabu futi za fimbo ongeza moja, kwa futi 9 zinakuwa kama 10 bila ya ile ya nchani. Zishike kwanza kwa utepe mwembamba, pitisha mshipi, ipinde fimbo uone mshipi unafuata mpindo vizuri, pasipofuata sogeza pete. Kuzifunga pete kwa uzi ni raha, kama huna mashine pitisha uzi katikati ya kitabu kizito ukaze wenyewe, we unazungusha fimbo tu. Ukimaliza ichungulie kama mtu anayelenga shabaha, pete zote zikae mstari mmoja na rili, ikiwa imekaa upande isukume kwa kidole, maana epoksi ikishakauka ndo basi tena.

Na epoksi ndo iliyonitoa jasho. Ni ya kuchanganya nusu kwa nusu, mi nikakadiria kwa macho, siku ya nne bado inanata kama ulimbo, ikabidi nikwangue yote nifunge uzi upya. Pima kwa sirinji mbili, moja kwa kila chupa, changanya taratibu usiingize hewa, paka nyembamba mara mbili kuliko nene mara moja. Halafu fimbo lazima iendelee kuzunguka kwa masaa, la sivyo inachuruzika inaganda na kitambi upande wa chini. Ukiwa na mota ndogo vizuri, kama huna kaa uigeuze kila dakika chache huku unasikiliza mpira redioni.

Ile fimbo yangu ya kwanza bado ninayo. Mwaka uliofuata nilimpa jamaa mmoja anayejua kurusha aikague kwa hasira zangu zote, akautoa mshipi karibu wote bila hata kukunja uso, akanirudishia akauliza, "Kwani tatizo lake nini?" Nikamwonyesha pete ya tatu, imekaa upande kidogo.