Kukataliwa Kazi kwa Mchoraji Aliyejifunza Mwenyewe

Ikiwa ulijifunza kuchora nyumbani, bila cheti cha chuo chochote, na sasa unapeleka maombi kwa wachapishaji na kampuni za matangazo jijini Nairobi, tarajia kukataliwa mara nyingi, na mara nyingi zaidi tarajia kimya. Nimechora vielelezo vya vitabu vya shule, na baadaye nikaketi pamoja na wanaochagua wachoraji. Ninayoyaandika hapa nimeyaona pande zote mbili.

Usihesabu kila kukataliwa kuwa kitu kimoja. Tangazo linalodai shahada, hasa la taasisi ya serikali, huchujwa kwa karatasi kabla mtu hajafungua picha hata moja, kwa hivyo huko usipoteze nauli. Pengine bajeti imekwisha au mchoraji amekwishapatikana, na hilo halikuhusu. Kukataliwa kunakotupata wengi wetu ni kwa namna nyingine: kazi ni nzuri, lakini haijibu haja ya mwajiri.

Wengi tuliojifunza wenyewe tulianza kwa kunakili nyuso za watu mashuhuri kwa penseli, na picha za namna hiyo husifiwa sana mitandaoni. Mhariri wa kitabu cha Gredi ya Tatu hana haja na uso mmoja uliochorwa kwa wiki mbili. Anamtaka msichana yuleyule akiwa darasani, akiwa sokoni, akipanda matatu, akitazamwa kwa mbele na kwa mgongo, bila umri wake kubadilika ukurasa hadi ukurasa, na nafasi ya maandishi ikiwa imeachwa. Anataka pia mchoraji atakayeambiwa abadilishe sare ya mtoto huyo, aibadilishe bila kununa. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, vitabu vimekuwa vikipelekwa kukaguliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala kwa tarehe maalumu, na mhariri anaogopa kuchelewa kuliko anavyoogopa mchoro usio na mvuto mkubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma ombi jingine, chukua ngano fupi unayoijua, kwa mfano mojawapo ya zile za Sungura na Fisi, uichore kurasa kadhaa kana kwamba umepewa kazi hiyo. Katika sampuli unazotuma, weka kurasa hizo mbele na zile nyuso nyuma, au uziache nyuso kabisa. Ukikataliwa tena, mshukuru mhariri kwa maneno machache na umuulize angependa kuona kitu gani ambacho hakukiona. Wengi hawatajibu, lakini jibu la mmoja lina faida kuliko sifa za jamaa zako wote.

Jamaa, kwa kweli, ni wakaguzi wabaya. Tafuta wachoraji wenzako watakaokuambia bila haya kwamba mkono huu umevunjika. Sane Wadu alikuwa mwalimu kabla ya kuacha kazi hiyo na kushika brashi, na pamoja na wenzake wakaunda chama cha wasanii wa kijiji cha Ngecha, karibu na Limuru. Kikundi cha wasanii cha Wajukuu, cha mtaa wa Mukuru jijini Nairobi, kilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Siwataji ili nikuahidi umaarufu. Ninachotaka ukione ni kwamba hata waliofika mbali walikuwa na wenzao wa kutazamiana kazi.

Kodi ya nyumba nayo haingoji. Kuchora kuta za shule za chekechea na mabango ya maduka ni kibarua cha heshima, na ukuta wa chekechea uliopigwa picha vizuri ni sampuli ambayo mhariri wa vitabu vya watoto anaielewa mara moja.

Mwisho, jihadhari na majaribio. Ukurasa mmoja wa kujaribiwa ni jambo la kawaida. Kitabu kizima bila malipo ni kazi, hata kikiitwa jaribio. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi uliyoagizwa huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kabla ya kutuma michoro ya jaribio, andika katika baruapepe hiyohiyo kwamba ni ya kutathminiwa tu, na kwamba haitachapishwa bila mkataba na malipo.