Uliza Mzee wa Kanda: Walt karefuka, kalenda haijasogea

SWALI: Shikamoo Mzee wa Kanda. Mwanangu kanirushia tamthilia ya Lost kwenye flashi, nimefika msimu wa nne. Ndege ilianguka kisiwani tarehe 22 Septemba 2004. Sasa Desmond, mmoja wa watu wa kisiwani, anampigia simu mchumba wake mkesha wa Krismasi, na bado ni 2004! Huku yule mtoto Walt, tuliyeambiwa ana miaka kumi, mwishoni mwa msimu wa tatu katokea kijana kabisa. Hawa watu hawana kalenda?
Mama wa Mafinga

JIBU: Marahaba, mama. Kalenda wanayo, tena imenyooka kuliko ya tamthilia nyingi nilizowahi kukodisha pale Mwanjelwa. Chukua kalamu: Septemba siku 9 ukihesabu na ya ajali, Oktoba 31, Novemba 30, Desemba 24. Jumla siku 94. Msimu wa kwanza ulirushwa kuanzia Septemba 2004 hadi Mei 2005, lakini kisiwani ni kama wiki sita tu. Simu ya Krismasi haina kosa.

Aliyewaumbua ni mtoto. Mtu mzima unampaka tope, unamwachia ndevu, nani atajua? Lakini Malcolm David Kelley, aliyeigiza Walt, alizaliwa 1992, na balehe haimsubiri mwandishi. Walt aliondoka kisiwani kwa boti mwishoni mwa msimu wa pili, kwa tarehe za runinga Mei 2006. Alipotokea tena Mei 2007, watazamaji walikuwa wamekaa mwaka mzima. Kwa siku za hadithi hata mwezi haujaisha. Ndiyo maana unamwona kwa kudokolewa tu. Sitaki kukumalizia uhondo, ila hadithi ikishafika 2007, katika msimu wa tano, utamkuta tena, na urefu wake hautakusumbua.

Mimi tarehe inayotajwa mdomoni naiacha ipite, naangalia vile ambavyo mwongozaji hawezi kuviamuru. Tamthilia zetu zinazopigwa huku Nyanda za Juu zinanichekesha kwa hilo. Niliona moja, mwigizaji anasema "leo tarehe 10 Agosti", nyuma yake shamba zima la mahindi limetoa mbelewele! Mahindi ya mvua, Mbeya hii, mwezi wa nane? Wakati huo ni mabua makavu, watu wameshavuna na kupukuchua. Na huyo dada kavaa blauzi isiyo na mikono alfajiri, na baridi yote hii ya Agosti! Walipiga picha Februari au Machi, na mwandishi hakutoka nje kuangalia shamba.

SWALI: Mzee, kwenye The West Wing, tamthilia ya Ikulu ya Marekani, Rais Bartlet anachaguliwa tena Novemba 2002. Wamarekani si walichagua rais 2000 na 2004? Imekaaje?
Kijana wa Uyole

JIBU: Hilo ni la makusudi. Tamthilia ilianza 1999 na Bartlet tayari yuko ofisini, kwa hiyo uchaguzi wao ukaangukia miaka yao wenyewe. Kasoro iko mbele zaidi. Kwa hesabu hiyo mrithi wake anachaguliwa Novemba 2006, na mchujo wa wagombea wa vyama katika jimbo la New Hampshire unapaswa kuwa mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kwenye runinga mchujo huo ulionekana mwanzoni mwa 2005, msimu wa sita. Karibu mwaka mzima umemezwa kimyakimya.