Mpini wa jembe na kipande cha mpira

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Mtoto wa madarasa ya chini hufunzwa wema kwa njia gani: kwa somo, kwa zawadi au kwa kiboko?" Mimi ni mwalimu wa gredi ya 3 katika shule ya umma upande wa Kaptembwa, hapa Nakuru. Kazi hii niliianza 2007 na njia zote tatu nimezipitia, kwa hivyo sijibu kwa kusikia.

Kiboko nikimalize haraka. Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, miaka sita kabla sijashika chaki, lakini nilikikuta juu ya kabati kimelala kama mwenye nyumba. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimchapa mvulana aliyemcheka mwenzake kwa sababu ya viatu vilivyotoboka. Aliyechapwa akalia. Aliyechekwa naye akalia, kwa hofu. Nikabaki nimesimama na watoto wawili wanaolia, na viatu vimetoboka vilevile. Sijakigusa tena.

Somo ni jambo refu zaidi, maana ndiyo kazi yangu na siwezi kuidharau. Mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi 2019, kuanzia watoto wa PP1, yaani chekechea, hadi gredi ya 3, ulikuja na maadili yake. Upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, uadilifu, haki. Niliyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, nikayabandika ukutani, na darasa likayageuza wimbo. Wanauimba vizuri ajabu. Kisha kengele ya uji hulia, na utawasikia bado wanaimba "upendo" huku wakikanyagana mlangoni.

Halafu kuna ile kazi ya nyumbani ya kumsaidia mzazi na kupigwa picha. Wazazi wanaosoma haya wanajua ninachosema. Mwaka mmoja nililetewa rundo la picha za watoto walioshika fagio, wamevaa nguo za kanisani, sakafu nyuma yao inang'aa. Nikamuuliza binti mmoja kama aliendelea kufagia baada ya picha. "Hapana, mwalimu. Mama alisema tukimbie saiba kuchapisha picha kabla haijafungwa." Simlaumu mama huyo hata kidogo. Alikuwa ametoka kazini saa kumi na mbili, na picha ilitakiwa kesho yake asubuhi. Lakini katika jioni ile nzima, aliyefanya kazi ya kweli ni mwenye saiba.

Basi nikaingia kwenye zawadi, na hapa ndipo nilipoharibu zaidi, kwa sababu nilidhani nimevumbua kitu. Nilinunua mjini nyota za kubandika, zile zinazometameta, nikachora chati yenye majina ya darasa zima. Ukimsaidia mwenzako, unapata nyota. Nyota kumi, penseli mpya. Wiki ya kwanza nilijiona mwalimu bora Bonde la Ufa nzima. Ubao ulifutwa kabla sijaomba, madaftari yaligawanywa kimya, mtu akipiga chafya anaulizwa kama anaumwa.

Wiki ya pili nikaanza kusikia penseli zikianguka. Ta. Ta. Ta. Zilitoka dawati moja karibu na dirisha. Mvulana mmoja anaangusha, jirani yake anaokota kisha anakuja mbio mbele: "Mwalimu, nimemsaidia!" Nikabandika nyota. Muda si muda, ta. Nikawaendea nikauliza mbona penseli zao zina uzito hivyo leo. Mmoja akanijibu bila hila yoyote: "Mwalimu, leo ni zamu yangu kuangusha."

Hilo lilinichekesha. Lililofuata halikunichekesha. Darasani nilikuwa na binti anayechechemea, mguu mmoja una shida tangu alipozaliwa. Mkoba wake aliubeba mwenyewe miaka yote na hakuwahi kuomba mtu. Sasa mkoba ule ukawa mgodi wa nyota. Ijumaa moja, saa ya kwenda nyumbani, watoto watatu waliushika kwa pamoja, kila mmoja anavuta kwake, kila mmoja anataka kuwa mwema, na yeye katikati amening'inia kwenye mkanda mmoja. Mkanda ukakatika. Vitabu vikamwagika kwenye vumbi, na vumbi la Kaptembwa mnalijua. Aliviokota kimoja kimoja, akikung'uta kila kitabu kwenye sketi, na kila aliyeinama kumsaidia alimsukuma mkono. Alipomaliza akanigeukia, macho makavu kabisa: "Mwalimu, waambie wasinisaidie."

Jumatatu niliibandua chati. Zile penseli nilizozinunua kwa mshahara wangu niligawa tu, kila mtu yake, bila sababu yoyote.

Binti yangu anasomea ualimu, na nilipomsimulia alinicheka, akanisomea utafiti uliochapishwa 2008 na Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani. Walichukua watoto wa miezi 20 tu, wakawaweka na mtu mzima anayehitaji kuokotewa vitu. Watoto wengi walisaidia bila kuambiwa. Lakini waliopewa kijizawadi kila waliposaidia, baadaye zawadi ilipoondolewa, walisaidia kidogo kuliko wale ambao hawakupewa chochote tangu mwanzo. Vitu vyenyewe, Mhariri, ni vya kuanguka na kuokotwa. Nilihisi kama hao mabwana walikuwa wamekaa kwenye dawati langu la dirishani.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali lenu ni kwamba mmesahau njia ya nne, na ni ya zamani kuliko shule. Mtoto hujifunza wema akipewa kazi ambayo isipofanyika kuna mtu ataumia kidogo. Kazi halisi, kazi ya zamu, isiyo ya picha wala ya nyota.

Hili nilipaswa kulijua, maana ndivyo nilivyolelewa. Nimezaliwa upande wa Oyugis, kwa Wajaluo wa Nyanza kusini. Kwa mama yetu tulikuwa wavulana watano, wala hakukuwa na dada hata wa kuazima, na mama alikuwa anauza omena sokoni. Kwa hivyo mimi, wa pili kuzaliwa, nilikuwa japidi, mlezi wa mtoto, kazi ambayo kwetu hupewa msichana. Nilimfunga mdogo wangu mgongoni kwa shuka, nikaenda naye mtoni, nikachemsha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, nikamwosha. Wenzangu waliokuwa wanachunga ng'ombe waliniita nyako, msichana, na nilipigana nao mara nyingi kwa ajili ya neno hilo. Lakini mtoto akiwa mgongoni huwezi kupigana. Unajifunza kumeza. Unajifunza pia kutambua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, kwa sababu ukikosea kutofautisha, utabeba kilio hicho mchana kutwa.

Niliporudi chuoni kuongeza diploma, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, mhadhiri akatutajia mwanaanthropolojia wa Marekani, Carol Ember, aliyekuja kwa Wajaluo wa Nyanza kusini akawachunguza wavulana wa aina yangu hasa. Waliokosa dada nyumbani na wakapewa kazi za wasichana. Matokeo yake aliyachapisha 1973: wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya boma, walikuwa na ubabe mdogo kuliko wenzao ambao hawakuzifanya. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikafanya kama ninaandika. Miaka yote nilidhani nilionewa.

Sisemi watoto wageuzwe vibarua. Kuna nyumba mtoto anafanya kazi hadi anasinzia darasani, na huyo hahitaji somo la wema, anahitaji mtu amtazame kwa wema. Ninazungumzia kazi ya dakika kumi.

Darasani kwangu kazi hiyo ni maji. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021 baada ya ile likizo ndefu ya korona, tulijenga vibuyu chirizi: mtungi umening'inizwa kwenye miti miwili, kamba chini, unakanyaga kijiti na maji yanachuruzika mkononi bila kushika chochote. Korona ilipoisha shule nyingine ziliviacha vikauka. Chetu tumekishikilia. Mfereji, yaani bomba la maji, uko mbali, karibu na jikoni, nao hutoka siku ukipenda. Kwa hivyo kila asubuhi watoto wawili huenda na mtungi wa lita 10, sijazi hadi juu, wakaubeba kwa mpini wa jembe lililovunjika: mmoja mbele, mmoja nyuma, mtungi katikati. Wasipoleta maji, darasa zima linakula uji kwa mikono michafu, na wanaambiana wenyewe. Mimi sisemi neno.

Nani na nani, huamuliwa kwa vikaratasi kwenye kofia yangu. Wengine wameniuliza mbona nisiwapange mimi. Darasa langu lina Wakikuyu, Wajaluo, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii na Waturkana. Januari 2008 mji huu ulipowaka kwa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi, nilikuwa na mwaka mmoja kazini, na shule zilipofunguliwa nilihesabu madawati matupu. Baadhi ya wazazi wa watoto nilionao leo walikuwa wanafunzi wakati ule. Mimi nikiwapanga kuna mzazi atahesabu. Kofia haina kabila.

Vikombe vya uji navyo huoshwa kwa zamu, wavulana kwa wasichana, na hilo liliniletea mgeni. Baba mmoja alikuja muhula uliopita, mtu wa heshima, akavua kofia mlangoni.

"Mwalimu, sijaja kwa ubaya."

"Karibu, mzee. Kaa."

"Kijana anasema hapa anaosha vikombe."

"Ni kweli. Kila mtu na zamu yake."

"Na vya wasichana?"

"Ni vikombe vya uji, mzee. Hata mimi sijui kipi ni cha nani."

Akanyamaza. Nikamsimulia habari za Oyugis, za shuka na mtoto mgongoni. Alicheka kidogo, akasema yeye pia aliwahi kupikia wadogo zake, ila hakutaka mwanawe ayapitie. Hatukukubaliana. Tuliagana vizuri. Kijana bado anaosha vikombe na baba hajarudi.

Kuna sheria moja tu inayotokana na ule mkoba uliokatika: uliza kwanza. "Nikusaidie?" Ukiambiwa hapana, unasema sawa na unaendelea na shughuli zako. Watoto wanaipata haraka kuliko watu wazima. Mimi mwenyewe bado huwanyang'anya penseli niwaonyeshe jinsi ya kuandika. Yule binti alikaa wiki kadhaa akijibu hapana kwa kila mtu, na nadhani alikuwa anaifurahia hapana yake. Siku moja ya mvua, uwanja umekuwa matope, akamwambia jirani yake, "Leo shika." Akampa mkoba kama anayempa mtu kazi.

Sasa nimalizie na mpini wa jembe. Mtungi ulikuwa ukiteleza juu ya mpini, ukimwendea aliye mbele kwenye mteremko na aliye nyuma kwenye mwinuko, na maji yakimwagika. Nikachukua kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikapima mpini kwa rula, nikaufunga mpira katikati kabisa ili kishikio cha mtungi kikae pale na kila mtu apate nusu yake. Haki, neno la nane kwenye manila yangu.

Wiki hiyo kikaratasi kilimtoa mvulana mkubwa kuliko wote darasani, aliyerudia mwaka, pamoja na mtoto mdogo ambaye sweta yake bado inamfika magotini. Niliwaona kwa mbali wakitoka mfereji. Kuna kitu hakikuwa sawa na sikujua ni nini, hadi walipopita mbele yangu. Mtungi haukuwa katikati. Ulikuwa umesogea hadi karibu na bega la yule mkubwa, na mdogo alikuwa anatembea kama mtu aliyeshika tu upande wake wa fimbo, anajisifu kwa sauti kwamba leo maji si mazito. Mkubwa hakusema kitu. Aliyebeba fimbo anajua, mzigo uko kwake kadiri ulivyo karibu naye. Wakaumimina, wakaosha mikono, wakaenda kwenye uji.

Saa ya mapumziko nilikwenda kuangalia. Mpira ulikuwa umefunguliwa na kufungwa upya, fundo la kitoto, sentimita 20 hivi kutoka katikati. Niliuliza darasa nani kaugusa. Kimya. Nikaurudisha katikati. Kesho yake ulikuwa umehama tena, safari hii upande wa pili, na wabebaji walikuwa watoto wengine kabisa.

Nimeacha kuurudisha. Siku hizi nikifika asubuhi hutazama kwanza mpira uko wapi, najua jana alibeba nani na nani.